Shahidi Aliyerudisha Mikono

Nimekaa mara tatu kuandika haya na mara tatu nimeinuka. Mara ya kwanza nilikwenda kufunga bomba, nikalikuta limefungwa. Mara ya pili nilitoka mpaka barabarani, hapa Bububu ninapoishi, nikatazama gari zinazokwenda mjini, nikarudi. Mara ya tatu mke wangu akaniambia, "We Othman, kama una wadudu miguuni sema tukutibu." Basi nimekaa. Nyinyi vijana mnaotembeza wageni katika ile mahakama ya zamani ya Mji Mkongwe, iliyogeuzwa makumbusho, haya ni yenu. Wengine wenu nimewafundisha kazi kwa mdomo wangu mwenyewe, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Nilitembeza wageni katika jengo lile miaka kumi na minane. Nilianza sijui kitu. Siku yangu ya kwanza niliwasimamisha Wataliano ishirini uani, saa saba ya mchana, nikawasomea tarehe za jengo kutoka kwenye karatasi. Bibi mmoja akakaa chini, kisha akalala kabisa, na mimi nikaendelea kusoma kwa sababu nilidhani ndivyo wanavyosikiliza huko kwao. Aliyekuja kumwagia maji na kuniokoa mimi ni Mzee Burhani.

Mzee Burhani alikuwa karani wa mahakama tangu jengo lile likisikiliza kesi. Kesi zilipohamishiwa kwengine, yeye akabaki na funguo na mafaili, mpaka likafunguliwa kuwa makumbusho na akawa mkubwa wetu. Alikuwa mtu wa maneno machache na kanzu iliyonyooka. Jioni ya siku ile aliniambia, "Othman, mgeni ana miguu miwili na masikio mawili. Miguu ikimuuma, masikio yanaziba." Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Mengine niliokota njiani. Usisimame na mgongo wako kwenye dirisha, hawatakuona uso. Ngazi ya kupandia ghorofani ina kidaraja kimoja kifupi kuliko vyenzake; sema kabla hawajafika, si baada ya mtu kuanguka. Mgeni akianza kusoma tangazo la choo, jua umeshampoteza, badilisha chumba. Na ukisahau kitu, usibuni. Hilo la mwisho nilifundishwa vizuri kuliko yote, na ndilo nililolivunja.

Siku hizi mna vifaa vya kuvaa masikioni, na mgeni anakupiga picha huku bado unameza mate. Sina ugomvi na hayo. Lakini simu ile inabeba maneno yako mpaka mahali usipopajua, na mwenye kuyasema hana habari.

Kinachowaleta watu katika jengo lile mnakijua. Hawaji kwa ajili ya boriti wala mlango. Wanakuja kwa kesi ya moto wa ghala la karafuu, iliyosikilizwa zama za Mngereza. Ghala liliungua alasiri, kule mtaa wa Malindi, na mchukuzi mmoja jina lake Salum akashitakiwa kwamba yeye ndiye aliyelitia moto. Mji mzima ulijaa uani kusikiliza. Salum alisema wakati moto unaanza yeye alikuwa Mkunazini anakunywa kahawa. Na mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kusema kweli au si kweli: muuza kahawa. Akaitwa. Akapanda kizimbani. Akawekewa Msahafu mbele yake aape. Akarudisha mikono nyuma. Jaji akamuuliza kupitia mkalimani kwa nini haapi. Akasema, "Siwezi kuushika sasa hivi," na hakuongeza neno. Akateremshwa. Salum akafungwa, na akafia jela.

Mzee Burhani aliisimulia hivyo hivyo, si zaidi. Nilipokuwa mgeni kazini nilimuuliza kwa nini shahidi yule hakuapa.

"Faili halisemi."

"Sasa mgeni akiniuliza?"

"Mwambie faili halisemi. Neno hilo haliumi mdomo, mwanangu."

Lakini liliniuma mimi. Nyinyi mnajua ilivyo. Umewafikisha watu kizimbani, wametulia, wanakutazama, na wewe unawapa "faili halisemi". Unaona nyuso zinavyozimika. Siku moja nilikuwa na kundi lililoshuka melini, limechoka, wawili wanapiga miayo bila kuziba midomo. Nilipofika penye Msahafu, sijui kilichonipanda, nikanyoosha mikono yangu nikaitetemesha. Nikagonganisha meno. Nikasema muuza kahawa alitetemeka hata kofia ikamwanguka. Wakacheka. Miayo ikakatika. Mwisho nikapigiwa makofi, na ilikuwa mara ya kwanza.

Mzee Burhani alikuwa mlangoni. Wageni walipotoka akaniita.

"Othman, hiyo mikono inayotetemeka umeiona wapi?"

"Mzee, hiyo chumvi tu."

"Chumvi haitoki ikishaingia chunguni," akasema, akaenda zake kusali.

Angelinigombeza ningeliacha. Lakini yeye hakuwa mtu wa kugombeza, na baada ya mwaka akastaafu, kisha akafariki, Mungu amrehemu. Nikabaki bila wa kunisahihisha. Ulimi hauna mfupa. Baada ya mtetemo nikaongeza jasho. Baada ya jasho nikaongeza kwamba mwenye ghala alimhonga usiku wa kuamkia kesi, na kwamba aliogopa Msahafu usije ukamuumbua. Kila nyongeza ilipata kicheko chake, nami nikaiweka. Ilipofika mwaka wa kumi nilikuwa naamini mwenyewe. Ungenishika mkono ukaniapisha, ningesema nimesoma.

Na nikawafundisha nyinyi. Mnakumbuka? Niliwapanga ukumbini nikawaonesha namna ya kutetemesha vidole, kwamba vianze vidogo kwanza. Rahma ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, akinipita hata mimi. Nilijivunia.

Miezi minane kabla sijastaafu alikuja Bi Mize.

Sikumjua. Nilimuona mwanamke mtu mzima sana, wa shamba, kavaa buibui la kizamani, viganja vyake vimekauka na kuchanika, vya mtu aliyefunga mwani miaka mingi. Aliingia nyuma ya kundi la wageni na watu wa mjini waliochanganyika. Wenzake walipanda ghorofani kutazama mafaili, yeye hakupanda. Alikaa kwenye benchi la mashahidi, akaweka mkoba mapajani, akangoja. Kundi liliporudi nikaanza shughuli yangu. Siku hiyo nilikuwa katika hali nzuri kupita kiasi. Nilitetemeka, nilijipangusa jasho, niliidondosha kofia yangu mwenyewe sakafuni. Ukumbi ulivuma kwa kicheko.

Wageni walipotawanyika kwenda kununua vitu vya ukumbusho, yeye alikuwa bado kakaa. Nikamsogelea.

"Shikamoo, Bi. Umechoka? Nikuletee maji?"

"Marahaba, baba. Sikuchoka. Nnataka kukuuliza. Huyo muuza kahawa n'nani jina lake?"

Nikacheka kidogo. Miaka yote ile hakuna aliyeniuliza. "Shahidi tu, Bi. Muuza kahawa."

"Hana jina?"

"Lipo katika faili. Nimelisahau."

"Makame bin Khatibu," akasema. "Baba'angu mimi."

Vijana, nawaambia ukweli wangu wote: jambo la kwanza nililolisikia moyoni si haya, ni hasira. Nilimkasirikia bibi wa watu kwa kuja. Nikaanza kumtolea maneno ya kiofisi, kwamba Bi samahani lakini haya yameandikwa, sisi hatutungi, faili lipo juu na kila mtu anaruhusiwa kulisoma.

"Faili limeandika kwamba alihongwa?"

Nikainama kuiokota kofia yangu sakafuni.

"Limeandika katetemeka?"

Hapo ndipo aliponieleza kilichomleta. Alikuwa anaishi Kiwengwa. Baada ya kesi ile hakuna mtu mjini aliyekunywa tena kahawa ya baba yake; walikuwa wakipita mbele ya deli lake la kahawa wanatema mate, kwa kuwa kamuuza mwenzake. Ndiyo wakahamia shamba, yeye akiwa msichana mdogo, na huko baba yake hakuitaja kahawa mpaka anakufa. Wajukuu hawakuambiwa kitu. Sasa wiki ile kitukuu chake, msichana wa darasa la tano, alirudi kutoka safari ya skuli. Akawasimulia nyumbani jambo la kuchekesha aliloliona mahakamani. Akasimama katikati ya ukumbi akatetemesha mikono, akagonganisha meno. Nyumba nzima ikacheka, mpaka mama yake akashika mbavu.

"Kumbe anamcheka babu yake," akasema Bi Mize. "Na mimi nimekaa pale pale, nshindwe kusema kitu."

Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa imeshuka, kwa nini basi baba yake hakuapa.

Alivuta ukaya wa buibui akajiziba mdomo. Akatazama mlango kama yupo mtu wa kusikia. Kisha akasema polepole, "Udhu ulimtoka."

Aliniambia yote, kama yalivyosemwa ndani kwao. Makame alitoka nyumbani asubuhi na udhu wake, kwa sababu alijua ataushika Msahafu. Lakini walimweka kwenye benchi lile tangu saa mbili mpaka adhuhuri. Alikuwa na wasiwasi, hajala, tumbo linamzunguka. Na wakati anaitwa jina, anapanda kizimbani, lilimtoka jambo linalomtoka kila mwanadamu, ambalo mimi sitaliandika na nyinyi mmeshalijua. Hakuna aliyesikia. Lakini yeye alijua. Na mbele yake pana Msahafu, na jaji anamwambia shika. Na benchi la mbele kabisa, hatua mbili kutoka hapo, kakaa mkwewe.

Hapo, vijana, nilicheka.

Sikukusudia. Kicheko kilinitoka tu, kama lile jambo lilivyomtoka yeye. Kesi ya mji mzima, jaji na kofia yake ya nywele, na sababu yenyewe ni ile. Nilijiziba mdomo lakini kilikuwa kimeshatoka.

Bi Mize hakukasirika. Alinitazama tu. "Umeona?" akasema. "Umecheka. Miaka yote hii imepita, na umecheka. Alijua mtacheka. Ndo maana hakusema."

Nilikaa kwenye benchi. Akamalizia kwamba kesho yake alfajiri Makame alitia udhu, akaenda kwa miguu mpaka mahakamani, akawa wa kwanza mlangoni. Askari akamwambia mashahidi wa mshitakiwa wamekwisha, nenda zako. Akakaa kwenye ngazi mpaka adhuhuri, mikono kaikunja asije akagusana na mwanamke anayepita, udhu ukamtoka. Hakuitwa.

Mimi nimesoma chuoni. Nilihitimu Kurani nina miaka kumi na mbili. Mtoto yeyote wa Unguja anajua kwamba Msahafu haushikwi bila udhu. Hata akiwa mtundu vipi, atakwenda bombani kwanza. Na miaka kumi na minane nimesimama mbele ya kizimba nikiwaeleza watu kuhusu Muislamu aliyerudisha mikono kutoka kwenye Msahafu, na halikunipitia akilini hata siku moja kujiuliza kama mtu yule alikuwa na udhu. Mngereza kutojua nitamsamehe. Mimi je?

Nikamwambia Bi Mize kwamba kuanzia kesho nitasema kweli. Akatikisa kichwa.

"Ukisema, watamcheka kwa hili. Usiposema, watamcheka kwa lile. Mimi n'shakuwa mtu mzima, baba, siku zangu za kuhesabu. Nnataka kabla sijafa asimamishwe pale pale, asichekwe. Nitafutie njia. Wewe ndo mwenye kazi yako."

Akaondoka, nami nikakosa utulivu. Nilikuwa nikila nikiinuka na tonge mkononi. Kwa wiki mbili nilikiruka kizimba kabisa, nikawaonesha wageni saa ya ukutani na mbao za dari, mpaka mmoja akalalamika kwamba amekuja kwa kesi. Nilijaribu kuisema kweli moja kwa moja kwa kundi la Wadachi. Nikafika kwenye udhu, ikabidi nieleze udhu ni nini, kisha nieleze hutoka vipi, na nikaona midomo inaanza kucheza pembeni. Nikakata, nikasema faili halisemi. Mzee Burhani angelifurahi, lakini Bi Mize hakuja kutafuta hilo.

Njia niliipata uani. Nilikuwa nimesimama kwenye kivuli cha ukuta, adhana ya adhuhuri imekwisha, natia udhu penye lile bomba la zamani. Wageni wawili wamesimama wananitazama, kimya kabisa, kama watu wanaotazama kitu cha heshima. Wakangoja nimalize ndipo wakaniuliza. Nikawaeleza: uso, mikono mpaka viwikoni, kichwa, miguu. Nikasema bila ya kufanya hivi hatusali, wala hatushiki Kitabu. Wakaitikia kwa vichwa. Hawakuuliza hutoka vipi. Nani anauliza? Mtu akikwambia mikono yake haiko safi humuulizi alishika nini.

Kumbe kosa langu lilikuwa mpangilio. Tangu siku ya kwanza tulikuwa tunawaingiza watu kwa mlango mkubwa, tunawapeleka kizimbani bila kuwapitisha uani. Nikageuza. Nikaanzia bombani. Nikawaacha walitazame, wasikie namna tunavyojitayarisha. Halafu benchi, nikawaambia wakae kidogo, wahisi ugumu wa mbao, na kwamba mtu alikaa hapa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Halafu kizimba. Nikasema: Makame bin Khatibu, muuza kahawa, aliwekewa Kitabu mbele yake naye hana udhu. Aliona haya kulisema mbele ya mkwewe. Angeliweza kushika tu, hakuna ambaye angelijua. Hakushika. Kesho yake alirudi ametawadha, hakupokelewa.

Bi Mize alikuja kusikiliza, akamleta na yule kitukuu. Nilikuwa na wageni kumi na wanne siku hiyo, na mikono yangu safari hii ilitetemeka kweli, nikaificha ndani ya mifuko ya kanzu. Nilipomaliza hakucheka mtu. Mwanamme mmoja akauliza, "Yaani jaji hakuweza kumngojea anawe?" Na wote, bila kuambiwa, wakageuka kukitazama kiti cha jaji.

Nje nilimwomba radhi Bi Mize. Nilimwomba kama anavyoomba mtu, kwa kichwa chini.

"Mimi nshakusamehe," akasema. "Lakini uliyemsema si mimi. Ulipomsema vibaya, hapo hapo msemee kheri. Ndo dawa yake, hakuna nyengine."

Nikamsemea kheri miezi ile iliyobaki, kila siku, kila kundi. Kisha nikastaafu. Miezi michache kwa miaka kumi na minane. Kabla sijaondoka niliwakalisha nyinyi nyote ukumbini nikawafundisha upya, kuanzia bombani. Mliniitikia.

Sasa ninalotaka kulisema ni hili. Bi Mize hatembei tena. Kila Ijumaa baada ya sala nakwenda Kiwengwa kumtazama. Amelala kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha, amepungua sana, wakati mwengine hamtambui hata mwanawe. Lakini mimi ananitambua. Hanijulii hali, haniulizi watoto. Huniuliza neno moja: "Leo wamemsemaje?"

Kwa ajili ya swali hilo napita makumbusho asubuhi ya kila Ijumaa. Nasimama nyuma ya kundi kama mgeni, nasikiliza, kisha nampelekea. Ijumaa iliyopita alikuwa Rahma. Alianza bombani, vizuri. Benchi, vizuri. Kundi lilikuwa la melini, limechoka, joto kali. Alipofika kizimbani mmoja akapiga miayo. Nikamuona Rahma anamtazama yule wa miayo. Nikajua. Nilijua kabla hajainua mikono, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha vidole vianze vidogo kwanza.

Wakacheka ukumbi mzima.

Nilimngojea nje. Akaniona, akainama. "Shikamoo, Babu. Usinikasirikie. Walikuwa washalala wale. Mara moja tu."

Ningemjibu nini? Kisingizio kama kile nimewahi kukitoa mimi, mlango ule ule. Rahma, mwanangu, ukisoma hapa usidhani nakuaibisha. Kosa ni langu, nalo limo ndani yako.

Nikaenda Kiwengwa. Nilizunguka nje ya nyumba mara mbili kabla sijabisha hodi. Bi Mize alifumbua macho.

"Leo wamemsemaje?"

"Vizuri, Bi," nikasema. "Wamemsema vizuri sana."

Akafumba macho, akatabasamu, akasema alhamdulillahi.

Kesho ni Ijumaa.